Naomba ushauri: mwalimu wangu wa sauti anataka niache kundi la waimbaji wanane

Nota_ya_Juu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri wa wale waliosomea uimbaji wa klasiki, hasa kina dada wanaoimba sauti ya kwanza. Nina umri wa miaka 23, sauti yangu ni soprano nyepesi, na huu ni mwaka wa tano nikijifunza kwa mwalimu mmoja ambaye alinipokea nikiwa sijui hata kuvuta pumzi, akanifikisha mahali ambapo naweza kuimba aria (wimbo wa solo wa opera au wa kazi kubwa ya kwaya) ya Handel au ya Mozart tangu mwanzo hadi mwisho bila koo kukaza. Miezi minne iliyopita nilialikwa katika kundi la waimbaji wanane, wawili kwa kila sauti, linaloimba bila ala muziki wa karne ya 16 pamoja na kazi chache za watunzi walio hai. Nimelipenda kundi hilo kuliko nilivyotarajia, kwa sababu sijawahi kusikia sauti yangu ikipotea ndani ya sauti nyingine na wakati huohuo ikawa na kazi yake.

Mwalimu wangu aliposikiliza rekodi ya mazoezi alinyamaza kwa muda, kisha akaniambia kwamba naimba kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto mchanga. Anaamini kuimba bila mtetemo (vibrato, ule mwyumbo mdogo wa nota ndefu) kutaniharibia sauti, na anataka nijitoe kabla mwaka haujaisha. Kiongozi wa kundi naye, karibu kila wiki, huniomba nipunguze mtetemo tunapofika kwenye nota za F na G za juu. Namtii, lakini baada ya saa mbili nahisi uchovu chini ya taya na kwenye shina la ulimi. Mwezi ujao natakiwa kusaini mkataba wa miaka miwili.

Maswali yangu ni mawili. Je, ni kweli kwamba kundi dogo huharibu sauti ya soprano ambaye bado anataka kuimba solo? Na je, mtu anaweza kuishi kwa kazi hii, au nitafika miaka 35 nikiwa sina solo wala riziki?

Tenori_wa_Zamani

Dada, kabla ya yote, sauti ikikwaruza ikapita wiki mbili au tatu bila kupona, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, umwombe aziangalie nyuzi za sauti kwa kamera. Usisubiri ushauri wetu wa hapa kwa jambo hilo. Uchovu unaoisha kesho yake asubuhi ni habari nyingine, na hilo waliosomea sauti yako watakueleza vizuri kuliko mimi.

Mama_Solfa

Mdogo wangu, mimi nimeimba sauti ya kwanza katika makundi ya aina hiyo kwa miaka kumi na minne, na leo nafundisha. Nimesoma maelezo yako mara mbili, na naona mwalimu wako na kiongozi wako wote wamesikia jambo la kweli, ila kila mmoja ameliita kwa jina lisilo lake.

Tuanze na mtetemo. Katika sauti iliyofunzwa, mtetemo huja wenyewe, kwa kawaida mara 5 hadi 7 kwa sekunde, pale misuli ya koo inapofanya kazi kwa mizani na pumzi ikapita bila kuzuiwa. Mtu anaweza kuupunguza kwa njia mbili zinazofanana sana masikioni mwa msikilizaji lakini zilizo tofauti kabisa ndani ya mwili. Ya kwanza ni kukaza: shina la ulimi linarudi nyuma, zoloto linashikwa, pumzi inabanwa, na nota inanyooka kwa sababu haina pa kwenda. Ya pili ni kupunguza uzito wa sauti huku pumzi ikiendelea kutembea, mpaka mtetemo unakuwa mdogo kiasi kwamba sikio halijishughulishi nao. Ile ya kwanza ndiyo inayochosha chini ya taya, na ndiyo aliyoisikia mwalimu wako kwenye rekodi. Ile ya pili waimbaji wengi wazuri wameitumia maisha yao yote bila madhara.

Nalijua hilo kwa kuumia. Katika mwaka wangu wa pili, kiongozi mmoja alitaka tuimbe programu nzima kwa sauti ya kitoto. Nilikuwa mgeni, nikabana kila nota ili nisimwangushe, na baada ya tamasha la tatu nota zangu za katikati zikawa zinatoka na hewa tupu. Nilinyamaza wiki sita. Niliporudi, mwalimu wangu alinifundisha kipimo ambacho nakuachia nawe: imba mstari wako ukiwa umeunyoosha, kisha katika nota ya mwisho uruhusu mtetemo uingie bila kubadilisha kitu kingine chochote, si mdomo, si nguvu, si kidevu. Ukiingia wenyewe, kama maji yanapopata mteremko, ujue ulikuwa huru tangu mwanzo. Ukilazimika kuusukuma, ulikuwa umeshika.

Sasa jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha taabu yako. Umesema malalamiko hutokea kwenye F na G za juu. F hiyo ina mawimbi ya sauti karibu 700 kwa sekunde na G karibu 784, ilhali mwangwi wa chini kabisa (kimo ambacho kinywa hukikuza chenyewe) wa irabu "i" na "u", tunavyozitamka katika mazungumzo, hukaa karibu na 300. Maana yake ni kwamba ukishikilia "i" ya kuongea katika nota hizo, kinywa chako hakiisaidii sauti hata kidogo, na koo linalazimika kufanya kazi ya watu wawili. Mtafiti wa Uswidi, Johan Sundberg, alionyesha tangu miaka ya 1970 kwamba soprano waliofunzwa hufungua taya zaidi kadiri wanavyopanda, ili mwangwi wa kinywa uifuate nota. Mwalimu wako bila shaka amekuzoeza hivyo kwenye aria. Lakini kundini mko wawili kwenye mstari mmoja: wewe ukifungua kwa kiasi chako na mwenzako kwa kiasi chake, zinasikika irabu mbili, sauti inachafuka, na kiongozi anasema "mtetemo" kwa sababu ndilo neno lililo karibu. Keti na huyo soprano mwenzako nusu saa tu, mchukue neno "Kyrie" la misa, mpande nalo taratibu hadi G, na mkubaliane taya inafunguka wapi na kwa kiasi gani. Mkikubaliana, wote wawili mtaweza kuimba kwa uhuru zaidi.

Usiache kundi kwa ajili ya jambo ambalo bado halijapimwa. Wala usimwache mwalimu wako.

Fimbo_na_Penseli

Nampa heshima Mama Solfa, na kuhusu irabu nakiri amesema kweli, lakini mimi niko upande wa pili wa fimbo, naongoza kwaya, na naomba nitetee ombi la kiongozi. Tunapoimba bila ala, tunatafuta vipatano safi, yaani nota zinazolia pamoja bila kusuguana. Tatu kubwa (umbali wa do hadi mi) iliyo safi iko chini ya ile ya piano kwa karibu sehemu 14, ukiigawa nusu toni katika sehemu 100. Hiyo ni nafasi ndogo sana. Soprano anayeishika tatu hiyo kileleni akiwa na mtetemo mpana hufunika nafasi yote, na waimbaji saba walio chini yake hawajui waitegemee nota ipi. Baada ya kurasa chache kundi zima limeshuka, na lawama huenda kwa besi wasio na kosa.

Hata hivyo, kiongozi anayejua kazi yake haombi unyoofu kila mahali. Huuomba kwenye mwisho wa kipatano, kwenye nota ndefu zinazogongana kabla ya kutatuliwa, na huuacha mstari upumue pale melodia inapokimbia. Mwulize kiongozi wako waziwazi akuonyeshe kwenye karatasi ya muziki ni vipimo vipi hasa (vile visehemu vinavyotengwa kwa mistari ya wima) anavyovitaka hivyo, na uviwekee alama ya penseli. Akishindwa kuvionyesha, au akisema "vyote", hapo wasiwasi wa mwalimu wako una msingi.

Jambo jingine ambalo halijaguswa: katika miaka 23 sauti haijamaliza kukua. Nimewapoteza soprano wawili wazuri ambao sauti zao zilipata uzito walipokaribia miaka 30, na ilikuwa haki wao kuondoka, kwa sababu kila tamasha lilikuwa linawataka waimbe nusu ya walichonacho. Kama mwalimu wako anasikia dalili ya uzito huo ujao, mwombe aseme hivyo kwa maneno hayo. Ni hoja tofauti na ile ya madhara.

Nota_ya_Juu

Nawashukuru sana. Nitafanya kipimo hicho leo jioni, na nitamwuliza mwalimu kuhusu uzito wa sauti, kwa sababu kweli hajawahi kulitamka. Kuhusu riziki, naomba mwenye uzoefu anisaidie.

Mkataba_Kwanza

Dada, nimeishi kwa kazi hii, nami nitajibu swali la pili peke yake.

Ajira ya kudumu ipo, lakini milango yake ni michache. Ujerumani ina kwaya za redio ambazo waimbaji wake wameajiriwa, kama Rundfunkchor Berlin ya tangu 1925 na RIAS Kammerchor ya tangu 1948. Uingereza wako BBC Singers, walioanza 1924. Na hata hao, mwezi Machi 2023 shirika la BBC lilitangaza kulivunja kundi hilo, kisha likasitisha uamuzi huo baada ya upinzani mkubwa wa wanamuziki na wasikilizaji. Nalitaja hilo ili ujue kwamba mshahara nao hauna kinga.

Wengi wetu hulipwa kwa kila tamasha. Hata kundi lenye jina kubwa kama The Tallis Scholars, lililoanzishwa 1973, kwa kawaida husimama jukwaani na waimbaji kumi hivi. Soprano huwa wanne kati yao kwa sababu mstari wa juu mara nyingi hugawanyika, lakini nafasi nne si nyingi mbele ya umati wa soprano wanaozitaka. Ndiyo maana kinachokupa kazi tena ni vitu visivyoonekana kwenye picha: kusoma nota kwa kuziona mara ya kwanza, kufika ukiwa umeshajifunza sehemu yako, na kuimba vizuri jioni baada ya safari na mazoezi ya siku hiyohiyo. Kwenye usaili usishangae wakikusikiliza solo kwa dakika chache tu, kisha wakakuweka katikati ya watu watatu wasiokufahamu na karatasi ambayo hujawahi kuiona. Hapo ndipo wanapoamua.

Kuhusu hofu ya kukosa solo, ushahidi haumuungi mkono mwalimu wako moja kwa moja. Soprano Mwingereza Emma Kirkby alisomea lugha na fasihi za kale Oxford, akafundisha shule, na ni kwenye makundi ya muziki wa kale ya miaka ya 1970 ndipo jina lake lilipotokea. Carolyn Sampson aliimba na The Sixteen, kwaya ya Uingereza, kabla hajawa msoloisti wa majukwaa makubwa. Grace Davidson ametoka kwenye makundi ya namna hiyo, na sauti yake ndiyo iliyochaguliwa kwa kazi ya mtunzi Max Richter ya 2015 inayodumu zaidi ya saa nane. Lakini angalia sauti za hao watatu: ni nyepesi, safi, za kuimba Bach na Handel. Mtu mwenye ndoto ya opera nzito za Verdi au Wagner asijifariji kwa mfano wao.

Kwa umri wako ungali na nafasi ya programu za mafunzo. The Sixteen wana ya kwao, Genesis Sixteen, iliyoanza 2011, isiyo na ada, kwa waimbaji wa miaka 18 hadi 23. Nyingi za namna hiyo zina ukomo wa umri, kwa hiyo soma masharti mapema.

Na mkataba wako: tafuta kifungu kinachosema kama unaruhusiwa kukubali kazi za solo nje, na unatakiwa kutoa taarifa siku ngapi kabla. Tafuta pia malipo ya rekodi, kama ni ya mara moja au kuna mgawo. Miaka miwili isiyo na ruhusa ya kazi za nje mimi nisingesaini.

Nota_ya_Juu

Narudi baada ya wiki mbili kuwapa mrejesho. Kipimo kimenionyesha kwamba hadi E ya juu mtetemo unaingia wenyewe; kuanzia F shapu hauji mpaka niusukume. Kwa hiyo nilikuwa nashika, na mwalimu wangu alisikia sawasawa. Soprano mwenzangu na mimi tulikaa na "Kyrie" kwa karibu saa nzima, tukagundua kwamba yeye anafungua taya mapema kuanzia D, nami nilikuwa nasubiri hadi F. Tulipoanza kufungua pamoja kwenye E, kiongozi hakuomba chochote kwenye ukurasa ule, na taya langu halikuchoka. Ameniwekea alama vipimo kumi na moja tu katika programu nzima. Amekubali pia tubadilishane na mwenzangu mstari wa kwanza na wa pili katika nusu ya nyimbo ambazo soprano hugawanyika.

Mwalimu wangu amesema haoni dalili ya uzito bado, na kwamba atakuja mwenyewe kusikiliza mazoezi ya Alhamisi kabla ya kusema zaidi. Kifungu cha kazi za nje hakikuwemo kwenye mkataba. Nimeomba kiandikwe, na sijasaini.

Mama_Solfa

Vizuri sana, mwanangu. Kwa hiyo F shapu, anza kila siku na "a" iliyo wazi kutoka B ya katikati, upande kwa nota tano hadi F shapu kwa mtetemo kamili, kisha urudie uleule mstari kwa "a" iliyonyooka, na mwisho kwa "i" ukiacha taya mahali palepale "a" ilipoliacha. Mara tatu zinatosha. Ulimi ukianza kurudi nyuma, simama hapohapo, unywe maji, uendelee kesho. Na Alhamisi mketishe mwalimu wako nyuma kabisa ya ukumbi, si mstari wa mbele, kwa sababu sauti mlizozilinganisha ninyi wawili huungana zikishatembea kidogo.