Niliinua mkono mara tatu, daktari akaendelea kung'oa gego langu

Wakuu, naandika huku shavu bado limevimba na nyuzi bado ziko mdomoni, kwa hiyo mnivumilie nikipandisha sauti. Leo ni siku ya sita tangu ning'olewe gego la mwisho la chini, upande wa kushoto, nikiwa macho, kwa sindano ya ganzi. Sina ugomvi na ganzi. Ugomvi wangu ni na mtu aliyechoma ganzi, hakusubiri ishike, kisha akaniambia maumivu ninayoyasikia hayapo.

Najua kuna watakaosema mimi ni muoga tu. Sawa, basi nianzie huko. Miezi minane iliyopita niling'olewa gego la chini la kulia na daktari mwingine. Nalo lilikuwa limelala kwenye taya, limeegemea jino la mbele yake, na ilibidi ufizi uchanwe, mfupa upunguzwe kidogo na jino likatwe vipande viwili. Nilikuwa macho mwanzo mwisho. Yule daktari alipaka dawa ya ganzi juu ya ufizi kabla ya sindano, akachoma taratibu sana, akainua kiti nikakaa, akaniacha. Aliporudi aliniuliza mdomo ukoje, ulimi ukoje. Akachukua kichuma chenye ncha, akagusa ufizi wa upande wa shavu, wa upande wa ulimi, na nyuma ya jino. Kila akigusa ananitazama machoni. Nyuma ya jino nikamwambia hapo nasikia. Hakubishana. Akaongeza sindano, akasubiri tena.

Na kabla hajaanza alisema maneno ambayo sijayasahau: "Utasikia nguvu, utasikia taya inasukumwa, utasikia sauti ya kuvunjika. Hayo ni ya kawaida. Ukisikia ukali, inua mkono wa kushoto, naacha hapo hapo." Niliinua mara moja. Aliacha hapo hapo. Nilitoka pale nimechoka taya, basi. Mtu ni mimi yule yule, woga ni ule ule, jino ni la aina ile ile.

Yule daktari hayupo tena pale, ndiyo maana la kushoto likaangukia kwa huyu.

Huyu aliingia, akatupia jicho picha ya eksirei kwenye skrini, akachoma sindano mbili chapchap. Dawa ikisukumwa kwa kasi inauma, hilo nililivumilia. Mara moyo ukaanza kwenda mbio, mikono ikatetemeka, nikahisi pumzi inakata. Hakuna aliyeniambia kitu. Ni baadaye ndipo nilipoelewa kwamba ni adrenalini, ambayo huchanganywa na dawa ya ganzi ili ibane mishipa midogo ya damu, ganzi ikae muda mrefu na damu isitoke nyingi. Moyo kupiga kwa nguvu kwa dakika chache ni jambo linalotokea kwa watu wengi na hupita lenyewe. Sentensi moja ingetosha. "Moyo unaweza kwenda mbio kidogo, usiogope." Ni kazi gani hiyo?

Halafu ndipo ikaletwa karatasi ya ridhaa. Nasema tena: baada ya sindano. Nimelala chali, taa machoni, nusu ya mdomo imeanza kuwa nzito, nashikishwa kalamu na karatasi ikiwa juu ya kifua changu. Katikati ya karatasi kuna mstari unaosema ganzi ya mdomo wa chini au ulimi inaweza kubaki wiki au miezi, na kwa wachache ikabaki moja kwa moja, kwa sababu neva ya taya ya chini hupita karibu na mizizi ya magego haya. Hilo ni jambo la kuzungumza na mtu akiwa amekaa, akiwa na uwezo wa kuuliza picha yangu inaonyesha mizizi iko umbali gani na hiyo neva. Mimi nilisaini kwa sababu sindano ilikuwa imeshaingia. Hiyo mnaiitaje ridhaa?

Saa ilikuwa ukutani mbele yangu, niliiangalia. Tangu aweke bomba la sindano chini hadi anashika kisu hazikupita dakika mbili. Hakugusa popote kupima. Aliuliza tu, "Mdomo mzito?" Nikaitikia kwa kichwa, akaanza.

Kisu nilikisikia. Niliinua mkono. Akasema, "Hiyo ni presha tu, si maumivu."

Niliinua mara ya pili alipoweka chuma cha kunyanyulia jino na kuanza kuzungusha. Msaidizi wake akaushika mkono wangu, akaushusha, akauweka juu ya tumbo langu na kuubana pale. Sijui niwaelezeje hisia ile. Mdomo umejaa vyuma na bomba la kunyonya mate, huwezi kusema, kitu pekee ulichobakiwa nacho cha kuongea ni mkono, na huo nao umebanwa.

Mara ya tatu ni mashine ilipoingia ndani ya jino. Ukali ulipanda kama umeme kutoka kwenye taya hadi ndani ya sikio, machozi yakatoka yenyewe, mguu ukaruka. Niliuchomoa mkono nikauinua juu kabisa. Akasimama kidogo, akasema, "Nimeshakata, nikiacha sasa ndiyo vibaya zaidi. Na ganzi siwezi kuongeza, umeshapata dozi yako. Acha uoga, dakika tano tunamaliza." Haikuwa dakika tano. Ilikuwa dakika ishirini na mbili, saa niliiona.

Sasa nijibu hoja zake moja moja, maana nimekuwa na siku sita za kusoma na kuulizia.

Kwamba ni presha tu. Ni kweli kabisa kwamba ganzi ya sindano haiondoi hisia zote. Nyuzi nyembamba za neva zinazobeba maumivu huzimwa mapema, nyuzi nene zinazobeba mguso na msukumo huchelewa au hazizimiki kabisa. Ndiyo maana mtu aliyepigwa ganzi vizuri bado anasikia taya inavutwa na jino linavunjika. Lakini msukumo ni mzito na butu, unatawanyika shavu zima. Maumivu ni makali, yana ncha, yanakuja na mashine na kuondoka na mashine. Aliye macho anajua tofauti hiyo bila kufundishwa. Daktari hawezi kuniambia kipi nasikia, kwa sababu neva ni zangu.

Kwamba mdomo ulikuwa mzito, basi kazi imekwisha. Sindano kuu ya magego ya chini huchomwa nyuma kabisa ya taya, mahali neva inapoingia kwenye mfupa. Mdomo wa chini ukiwa mzito, maana yake dawa imeifikia neva. Haina maana kwamba ndani ya jino kumekufa ganzi. Halafu ufizi wa upande wa shavu, pale alipochana, una neva yake nyingine inayohitaji sindano yake. Na dawa inahitaji muda: kwa taya ya chini ni dakika tatu hadi tano kwa uchache, na mara nyingine zaidi ya kumi. Sindano hii inajulikana na kila daktari wa meno kwamba haishiki kila mara, hata mikononi mwa bingwa. Haikushika mara ya kwanza? Hakuna anayelaumiwa. Kosa ni kutopima, na kukataa kusikia ulipoambiwa.

Tena mimi ufizi wangu ulikuwa umevimba kuzunguka jino hilo wiki moja kabla, na nilimwambia. Penye uvimbe na usaha tishu zinakuwa na asidi zaidi na dawa ya ganzi inapungua nguvu. Hapo mwenye subira hutuliza uambukizo kwanza, au anajiandaa mapema kuongeza kwa njia nyingine: sindano nyembamba kati ya jino na mfupa, au atikeini, dawa nyingine ya ganzi, kando ya jino, ambayo hupenya mfupa vizuri. Njia zipo.

Na hili la "umeshapata dozi yako" ndilo linaloniumiza kuliko yote, kwa sababu pale kitini nililiamini. Vichupa vilikuwa kwenye trei, nilivihesabu wakati nainuka: viwili, vya dawa ya ganzi iitwayo lidokeini, ya asilimia 2, mililita 1.8 kila kimoja. Kichupa kimoja hivyo kina miligramu 36, kwa hiyo nilipata 72. Kiwango cha juu kinachotajwa kwa mtu mzima mwenye afya, dawa ikiwa na adrenalini, ni miligramu 7 kwa kila kilo ya uzito bila kuvuka 500. Nina kilo 62, sina ugonjwa wowote wa moyo wala ini, na hayo yote yako kwenye fomu niliyojaza. Hata robo ya kiwango sikufika! Lidokeini ilitengenezwa Uswidi mwaka 1943 na ikaingia sokoni mwaka 1948. Si dawa ya kubahatisha. Inajulikana inashika lini na mtu anaweza kupewa kiasi gani.

Baada ya kushona alinipa kipande cha gozi, kitambaa cha kuzuia damu, ning'ate, akaniambia ninywe dawa za maumivu, akatoka. Hakuna karatasi ya maelekezo, hakuna namba ya kupiga. Usiku ule mdomo ulikuwa na ladha ya damu, basi nikawa nasukutua na kutema, nasukutua na kutema, hadi nikasinzia. Hakuna aliyeniambia kwamba saa 24 za mwanzo hutakiwi kusukutua kwa nguvu, hutakiwi kutema, hutakiwi kunyonya kwa mrija wala kuvuta sigara, kwa sababu bonge la damu lililoganda kwenye shimo ndilo linalofunika mfupa. Maji ya chumvi ya uvuguvugu ni ya kesho yake, tena unayaacha yazunguke mdomoni polepole.

Siku ya tatu, maumivu yalipotakiwa kupungua, yakaongezeka. Yakapanda sikioni na kwenye panja, mdomo ukatoa harufu mbaya, vidonge havikugusa kitu. Nilikwenda kwa daktari mwingine kabisa. Akaangalia, akaniambia lile bonge la damu limetoka na mfupa uko wazi. Akaosha shimo kwa maji ya chumvi, akaweka dawa yenye harufu ya karafuu, na ndani ya nusu saa niliweza kufumba macho. Alinieleza kwamba shimo linaweza kukauka hata kwa mtu aliyefuata kila kitu, hasa kwa magego ya chini, na nakubali. Ila mimi sikupewa hata nafasi ya kufuata.

Huyu wa mwisho, kabla ya kunigusa, aliniuliza, "Nikianza kuosha, ukitaka niache utanionyeshaje?" Nilishindwa kumjibu, nikalia.

Mliopangiwa kung'olewa magego, msikimbie kwa sababu yangu. La kulia lilinithibitishia inawezekana kabisa ukiwa macho. Ila kubalianeni ishara ya kuacha kabla hujafungua mdomo, dai upimwe kwa ncha kabla ya kisu, na ukiletewa karatasi ya kusaini baada ya sindano, kaa kitako na uisome yote hata kama kila mtu anaangalia saa.

Barua ya malalamiko nimeshaiandika, kurasa mbili, na nakala ya eksirei nimeiomba kwa maandishi. Ninachotaka waeleze ni vitu viwili: kwa nini sikupimwa, na nani aliruhusu mkono wa mgonjwa ushikwe. Kesho naipeleka mwenyewe na kugongewa muhuri wa kupokelewa. Jibu likija nitaliweka humu humu kama lilivyo. Na wewe uliyewahi kuinua mkono kwenye kile kiti, nisaidie kujua: waliacha?