Mnaoruka na parachuti njooni hapa: ile safari ya kupanda juu mnaivumiliaje?

Mwoga_Mkaidi
Wakuu habari za muda huu. Mwenzenu nshabuku kuruka na parachuti, ile ya kufungwa pamoja na instrakta, na niseme ukweli kuruka kwenyewe hakunitishi kivile, kinachonipa mawazo ni ile ndege. Nimeangalia klipu moja jamaa wamekaa chini kwenye sakafu, viti hamna, kila mtu yuko katikati ya miguu ya mwenzie, wamebanana halafu wanacheka tu. Mi mtu wa aibu aibu, hata lifti nikipanda na mtu nisiyemjua naanza kusoma vibao vya ukutani. Sasa maswali: ni kweli nitapakatwa na mtu mzima mwenzangu? Inachukua muda gani? Mnaongeaga nini? Halafu kuna lile suala la tumbo, rafiki yangu kaniambia huko juu watu wanajiachia bila hata kupepesa macho, ananitania au? Nipeni ukweli jamani msinipeleke chaka.

Kipepeo_Mzito
Mkuu rafiki yako hajakutania hata kidogo. Ni fizikia ile ya sekondari, kanuni ya Boyle, presha ikipungua gesi inatanuka. Ndege kubwa za abiria zinasukumiwa hewa ndani, ndo maana hata ikiwa juu kabisa mwili wako unajiona uko futi 8,000 hivi au chini ya hapo, sasa hizi zetu hazina hiyo kitu, mlango wenyewe mara nyingi ni plastiki ya kuvuta juu, kwa hiyo mkifika futi 13,000 presha ni kama asilimia 60 tu ya ile ya usawa wa bahari na hewa uliyopanda nayo tumboni inataka nafasi mara moja na nusu na ushee. Nafasi hiyo huna.

Na usijidanganye eti injini itakusitiri, injini inaficha sauti tu. Kwa vile kila mtu kavaa helmeti na miwani huwezi kumjua mhusika, unaona tu macho yanahama, mmoja anavuta kola ya ovaroli inapanda mpaka puani, mwingine anamnyooshea kidole jirani asiyehusika, na atakayechelewa kunyoosha kidole ndo anabambikiwa kesi. Dawa yake ni aliye mlangoni afungue kidogo, hapo utasikia shangwe, ila baridi inayoingia sio ya mchezo, kila futi 1,000 joto linashuka kama nyuzi 2, chini mmeacha jua la kufa mtu huku juu mnatetemeka. Asubuhi yake achana na vinywaji vya gesi, utanishukuru.

Mama_Mikanda
Karibu sana mdogo wangu. Mimi ni instrakta, nakujibu kwa upande wa mpakataji.

Muda unategemea ndege. Cessna 182 inabeba rubani na warukaji wanne, hiyo inaweza ikala nusu saa kufika juu, Caravan ni robo saa mpaka dakika 20 hivi. Mwanzoni unakaa mbele yangu tu, mgongo kwangu, miguu itakufa ganzi lakini hiyo ni ya wote. Tukikaribia nakugonga bega unasogea nyuma, unanikalia mapajani, nakufunga ndoano nne, mbili mabegani mbili kiunoni, halafu nakaza. Hapo ndo watu wanashtuka maana nakaza mpaka nahisi unavyopumua, na lazima iwe hivyo, pengo likibaki utaning'inia vibaya parachuti ikifunguka. Kila mtu anaomba radhi, samahani nina jasho, samahani mimi mzito. Kuna baba mmoja alijiinua makusudi asinilemee, mapaja yake yakaanza kutetemeka na ndege nzima ikawa inamwangalia, nikamwambia baba kaa, kaa kabisa, kazi yangu hiyo.

Mengine nakwambia kavu kavu: choo kimalize kabla hujavalishwa mikanda. Na wanaume, mikanda ya mapajani inapita mnapopajua, jipangeni mapema chini huko kabla haijakazwa, kujipanga upya futi 10,000 mbele ya kadamnasi nimeshashuhudia na sitaki kurudia. Mswaki pia piga, nitakuwa naongea sikioni kwako na wewe ukigeuka kunijibu tunatazamana uso kwa uso, sentimita chache tu hapo.

Usukani_Mkononi
Hakuna anayemfikiria rubani hapa eeh? Nyie mkichoka harufu mnaruka, mimi nabaki nayo. Kwenye 182 kuna mtu anakaa ameegemea dashibodi kanigeuzia uso, tunatazamana magoti nusu saa nzima, na kila akijinyoosha parachuti lake linagusa visivyoguswa. Halafu wakianza kutoka wote wanataka kujaa mlangoni, hapo nafoka, uzito ukihamia mkiani ghafla ndege inainua pua na hewa ikishindwa kuibeba tumekwisha, kwa hiyo ukiambiwa baki mbele baki mbele.

Na mlango ukiwa wazi utawaona wanashika vishikio vya parachuti zao kama abiria anavyoshika pochi stendi. Usicheke. Kale kaparachuti kadogo kanakovuta parachuti kubwa litoke kakichomoka humo ndani upepo unakanyaka nje, mwenyewe anafuata bila kuaga na mkia wa ndege uko hapo hapo nyuma unamsubiri.

Mwoga_Mkaidi
Dah nimecheka na nimeogopa kwa pamoja. Sasa je nikifika juu nikagoma? Itakuwa aibu ya karne, halafu wanasukumaga mtu?

Mama_Mikanda
Ukisema sitaki hakuna kusukumana, tunashuka na ndege. Wenzio watakugongea ngumi ya salamu kama wanavyogongeana wote kabla ya kutoka, wataondoka zao, basi. Ila sema mapema na kwa maneno, sio kung'ang'ania fremu ya mlango tukiwa tumeshaning'iniza miguu nje, hapo unatuumiza wote wawili.

Usukani_Mkononi
Na mkibaki nijulishwe kabla sijashuka. Nikiwa peke yangu huwa nateremka kasi, mara nyingine natua kabla hata wao hawajagusa chini, lakini parachuti za tandemu, yaani hizo za kufungwa wawili pamoja, zina kifaa kinachopima unashuka kwa kasi gani, kikiona mnaporomoka na mko chini sana chenyewe kinafungua parachuti la akiba, hakijui kama mko ndani ya ndege. Hivyo tunafunga mlango tunashuka mdogo mdogo, na nakuambia hao warukaji wenye mbwembwe wakilazimika kutua na ndege kwa sababu ya mawingu ndo waoga kuliko wewe, wanashika kila kinachoshikika, mmoja aliniuliza huwa natua vizuri au.

Kipepeo_Mzito
Hahaha hiyo ya kutua na ndege naikubali, mi mwenyewe nafumba macho.

Mwoga_Mkaidi
Sawa nimewaelewa wakuu. Basi nitawahi nikae pale pale mlangoni nipate hewa safi.

Kipepeo_Mzito
Hupangi wewe mkuu. Tandemu wanafungua parachuti juu zaidi kwa hiyo kawaida wanatoka mwishoni, na anayetoka mwisho anaingia wa kwanza. Utakaa mbele kabisa karibu na rubani, mbali na mlango, sisi wote tuko kati yako na hewa.