Naomba ushauri: nachora maisha ya bonde la Msimbazi

Wakuu, habari zenu. Mimi ni mchoraji, nipo Dar. Nataka kuchora mfululizo wa picha kuhusu bonde la Msimbazi, ila si picha za maafa. Watu juu ya mabati tumeshawaona vya kutosha tangu mafuriko ya Desemba 2011, yale yaliyofanya baadhi ya wakazi wahamishiwe Mabwepande. Nataka siku za kawaida: godoro limeanikwa ukutani, viroba vya mchanga mlangoni, friji juu ya matofali, na ile alama ya maji ukutani ambayo mwenye nyumba hahangaiki tena kuipaka rangi.

Bahari nayo imo. Mto unamwaga maji karibu na daraja la Selander, kwenye mikoko. Mvua kubwa ikikutana na bamvua, yaani bahari ikijaa kupita kawaida, maji ya mto yanachelewa kutoka. Hapo ndipo nimekwama: kila nikilichora hilo, picha inageuka ramani ya somo la jiografia.

Pili, rangi. Nawaza zile za makopo juu ya hadibodi, alizotumia mchoraji Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora hapahapa Dar mwaka 1968. Lakini zinang'aa mno, nahofia tope litapendeza kupita kiasi.

Halafu wakazi nitakaowachora, niwalipe au niwape nakala? Na maonyesho, nipeleke Nafasi Art Space kule Mikocheni au nitundike hukohuko bondeni? Mimi naegemea bondeni, kiangazi lakini! Mwenye uzoefu anisaidie.