Kuhamia Linux Mint katika ofisi ya uchapaji: nitapoteza programu zipi?

Mchapaji wa Arua
Ndugu zangu, ninaendesha ofisi ya uchapaji na fotokopi mjini Arua kwa kompyuta za mtumba zenye prosesa za Intel za kizazi cha sita. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi kwa kuwa inadai prosesa za Intel za kizazi cha nane au cha baadaye. Sitaki flashi za wateja ziendelee kuchomekwa kwenye mfumo usiopata masasisho ya usalama, na fedha za kununua mashine nyingine sina. Kazi zangu ni barua, mitihani ya shule, kadi za mialiko ninazozipanga kwa Publisher ya Microsoft, na ritani za kodi. Je, nihamie Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaoweza kuchukua nafasi ya Windows?

Fundi wa Jinja
Kwa barua na mitihani, hamia bila hofu. LibreOffice, mkusanyo wa bure wa programu za ofisi, hufungua faili za Word, na fonti za Carlito na Caladea zina vipimo sawa na Calibri na Cambria, hivyo mistari haihami ovyo. Penye uzito ni Excel yenye makro, yaani programu ndogo zilizomo ndani ya faili. Baadhi ya fomu za ritani za URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, hujazwa katika Excel na kuhakikiwa kwa makro kabla ya kupakiwa, nazo LibreOffice haitekelezi makro zote za Excel kama inavyotakiwa. Kwa kazi hiyo mimi ningebakiza kompyuta moja yenye Windows, isiyopokea flashi ya mteja yeyote.

Dada wa Mbale
Naongezea kuhusu Publisher, kwa sababu hapo hata ukibaki Windows hutapona: Microsoft imetangaza kuisitisha Oktoba 2026. Draw ya LibreOffice hufungua faili zake, ila mpangilio huvurugika, hasa pale maandishi yanapozunguka picha. Hifadhi kila kadi kama PDF wakati Publisher ingali inafanya kazi, kisha zile ambazo wateja huzirudia uzipange upya kwa Scribus, programu ya kupanga kurasa ambayo ni ngumu mwanzoni lakini inatoa PDF safi ya kupeleka kiwandani.

Printa nazo zisisahauliwe. Nyingi za HP hutambuliwa kupitia HPLIP, programu inayoendesha printa za HP kwenye Linux, lakini baadhi ya Canon hudai kiendeshi (programu ya kuiwezesha printa) cha kupakua mwenyewe. Washa Mint kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha, uchapishe karatasi halisi za mtihani, pande mbili, kwa kila mashine uliyo nayo.

Mchapaji wa Arua
Nashukuru sana, hasa kwa habari ya Publisher ambayo sikuwa nayo. Nitaanza na kompyuta ya mapokezi, na ile ya ritani itabaki ilivyo. Je, mitihani ya hisabati yenye milinganyo iliyoandikwa kwa Word hufunguka sawasawa?

Fundi wa Jinja
Hufunguka na kuharirika katika Math ya LibreOffice, ila ikihifadhiwa tena kwa muundo wa Word, nafasi kati ya alama hubadilika mara nyingine. Mwombe mwalimu akuletee na PDF, ulinganishe kabla ya kurudufu.