Kaunta ya duka na simu ya mwenye duka: wavuti, Flutter au programu ya Windows?

Nyakato

Wakuu, habari za jioni. Nimekwama, na najua si mimi peke yangu, kwa hiyo naleta jambo hapa tubishane.

Nina kazi ya mzee mmoja mwenye maduka matatu ya vifaa vya ujenzi: Mwanza mjini, Sengerema na Geita. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 mzigo wake hausubiri tena kivuko, na mzee anahamisha saruji na mabati kutoka duka hili kwenda lile bila kuchoka. Daftari limemshinda. Anataka programu moja: keshia auze kwenye kompyuta ya kaunta, vijana wa stoo wahesabu mzigo kwa simu, na yeye aone mauzo kwenye iPhone yake popote alipo.

Niko peke yangu. Kuandika programu tatu siwezi, na hata nikiweza, kuzitunza miaka mitano siwezi.

Hali ya huko ni hii. Kompyuta mbili ni Windows 10 zenye RAM ya GB 4. Ya Sengerema bado ni Windows 7, na mzee haoni kwa nini anunue nyingine wakati "inawaka vizuri tu". Simu za vijana ni Tecno na Itel za GB 2. Umeme unakatika. Mtandao asubuhi upo, mchana unasuasua. Printa ni zile za risiti za karatasi ya milimita 80, zinachomekwa kwa USB.

Mimi naegemea wavuti: ukurasa mmoja unaofunguka kwenye kivinjari, unaowekwa kwenye skrini ya simu kama programu na kuendelea kufanya kazi mtandao ukikata, hizi wanazoita PWA. Sababu yangu kubwa ni ile iPhone. Kuingiza programu App Store ni dola 99 kila mwaka, na unahitaji Mac maana Xcode, zana ya Apple ya kutengenezea programu, haikai kwenye Windows. Mac sina. Halafu kosa likionekana nalirekebisha kwenye seva, mtandao ukirudi maduka yote yamepata toleo jipya. Sipandi basi kwenda Geita na flashi mfukoni.

Nipingeni.

Chapa Dart

Nakupinga mkuu, tena kwa uchungu, kwa sababu nilishapita njia hiyo hiyo.

Niliandika programu ya duka la dawa kwa wavuti, inafanya kazi bila mtandao, nikajisifu. Mwezi wa pili kijana wa kaunta akaona kompyuta imekuwa nzito. Akaingia kwenye mipangilio ya kivinjari, akaweka tiki kwenye kila kisanduku, akafuta. Mauzo ya siku tatu ambayo yalikuwa hayajapanda kwenye seva yakaenda nayo. Hakufanya kosa lolote, hata YouTube wanafundisha hivyo hivyo. Kosa lilikuwa langu, kuweka hesabu za mtu mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuzifagia akidhani ni takataka.

Kivinjari unaweza kukiomba kisizifute diski ikijaa, kitakubali au kitakataa. Mwenye kompyuta akibonyeza mwenyewe, hakuna cha kuomba. Na huyo mzee wa iPhone: tangu 2020 Safari inafuta kumbukumbu za ukurasa usioguswa kwa siku saba za matumizi ya kivinjari hicho, labda awe ameuweka kwenye skrini ya mwanzo. Utamkumbusha?

Flutter, zana ya Google ya kuandikia programu, ilianza na simu, toleo la 1.0 ni Desemba 2018. Windows ikakamilika Februari 2022, Mac na Linux Mei mwaka huo huo. Msimbo ni mmoja. Mauzo yanakaa kwenye faili la SQLite, hifadhidata ndogo ya ndani ya kompyuta, ambalo unalinakili kwenye flashi kila jioni, na printa unaongea nayo moja kwa moja. Kazi hiyo ni ya Flutter kabisa.

Kibodi Chakavu

Mnanichekesha. Kuna programu ya stoo niliandika 2003 kwa Visual Basic 6 na Access, zana za Microsoft. Inauza misumari mpaka leo. Microsoft waliacha kukihudumia kifaa chenyewe cha kuandikia 2008, lakini programu zake bado zinafunguka hata kwenye Windows 11.

Wakati huo huo hesabuni walioahidi "andika mara moja, tumia kila mahali" halafu wakatuacha njiani. Flash, Desemba 2020. PhoneGap, Adobe waliitupa mwaka huo huo. Silverlight, 2021. Xamarin, Mei 2024, ukitaka kuendelea uhamie MAUI, mrithi wake. Kila moja lilikuwa na vijana wake wanaolisifu kama Chapa Dart hapo juu. Flutter ni mali ya Google, na Google makaburi yao yana ukubwa wa Kinondoni.

Ukurasa wa HTML, lugha ya kurasa za wavuti, ulioandikwa mwaka 1996 unafunguka leo. Mimi si mpenzi wa wavuti, lakini hilo siwezi kulikana.

Chapa Dart

Mzee wangu, shikamoo. Lakini hata wavuti ina aibu zake. Mwaka 2012 Zuckerberg alisimama jukwaani akakiri kwamba kosa kubwa la Facebook kwenye simu lilikuwa kuitegemea HTML5 kupita kiasi. Walikuwa na pesa na wahandisi kuliko sisi sote, na programu yao bado ilikuwa inasota.

Kibodi Chakavu

Marahaba. Simu za 2012 unazikumbuka? Na miaka mitatu baadaye hao hao Facebook wakaja na React Native ya kuandikia programu za simu, yaani JavaScript ile ile ya wavuti imepitia mlango wa nyuma.

Keshia wa Kariakoo

Samahanini, mimi si fundi wa programu. Mimi ndiye ninayekaa kaunta, duka la mabomba, mwaka wa tisa sasa.

Hakuna keshia anayejua Flutter ni nini. Tunachojua ni hiki. Mteja amesimama, nyuma yake wanne, risiti haitoki. Kwenye programu tuliyonayo, kila nikiuza kinafunguka kidirisha cha kuuliza printa gani, kurasa ngapi, nibonyeze tena. Kwa siku nabonyeza mara mia mbili. Fundi aliniambia "ndivyo kivinjari kilivyo, dada".

Halafu mshale. Mnapenda sana kutuwekea vitufe vizuri vya kubonyeza kwa mshale. Sisi tunatumia kibodi, na kipanya kwetu hakuna hata pa kukiweka, meza imejaa koki.

Jambo la mwisho, umeme. LUKU ikiisha kompyuta inazima, ikiwaka tarehe imerudi mwaka 2009. Kivinjari kinakataa kufungua ukurasa, kinasema muunganisho si salama. Mara ya kwanza tulikaa asubuhi nzima tukidhani tumeibiwa.

Nyakato

Dada, umenipa somo kuliko wote. Hilo la tarehe ni betri ndogo ya saa iliyo ndani ya kompyuta, ile ya duara kama sarafu, imekufa. Kivinjari kinalinganisha tarehe na cheti cha tovuti, kinaona cheti hakijaanza kutumika, kinagoma. Betri yenyewe ni ya bei ya soda mbili tatu. Nitanunua tatu kabla sijaandika mstari mmoja.

Hilo la kidirisha lina dawa. Chrome unaifungua kwa amri ya `--kiosk-printing` kwenye njia ya mkato ya mezani, inachapa kimya kimya kwenye printa ya kawaida ya kompyuta. Fundi wako hakuitafuta.

Keshia wa Kariakoo

Nitamwonyesha ujumbe huu.

Mlolongo

Niko upande wa Kenya, hebu niongeze la pesa. Hapa nusu ya mauzo ni Till ya M-Pesa, namba ya duka ya kulipia. Ukitumia Daraja, ule mfumo Safaricom wamefungulia watengenezaji programu, uthibitisho wa malipo hautumwi kwa kompyuta ya duka. Unatumwa kwa anwani ya seva yako. Kwa hivyo hata uandike programu tamu ya Windows ya kuishi bila mtandao, siku mzee akitaka malipo yajithibitishe yenyewe utajenga seva tu. Na ukishajenga seva, nusu ya kazi ya wavuti umeshamaliza.

Play Store nayo si mchezo siku hizi. Dola 25 ni mara moja, sawa. Lakini akaunti ya mtu binafsi iliyofunguliwa baada ya katikati ya Novemba 2023 lazima kwanza itafute watu wa kujaribu programu siku 14 mfululizo. Walianza na watu 20, wakashusha hadi 12. Mimi niliomba mpaka kwa watu wa kanisani.

Kuhusu Electron, kwa kuwa kuna mtu ataitaja: ni kivinjari kizima cha Chromium kimefungwa ndani ya programu yako. Kwa mashine ya GB 4 yenye antivirus na YouTube ya keshia, pole. (Samahani dada.) Na Windows 7 watu wa Electron waliiacha baada ya toleo la 22. Tauri ni nyepesi kwa kuwa inatumia kivinjari kilichomo tayari kwenye mashine, na toleo la 2.0 la Oktoba 2024 limeingia hadi kwenye simu, lakini uwe tayari kukutana na Rust, lugha yake ya programu, usiku wa manane.

Nyakato

Ile Windows 7 inawatoa wengi. Chrome yenyewe iliishia toleo la 109 kwa mashine hizo. Flutter inataka Windows 10 kwenda juu. Kwa hiyo Chapa Dart, Sengerema ungefanyaje?

Chapa Dart

Ningemwambia mzee anunue kompyuta. Kuna gharama huwezi kuzimeza wewe fundi.

Salio Sifuri

Nimewasoma wote. Mnabishania rangi ya mlango, nyumba haina msingi.

Chukueni mfano huu. Duka la Geita lina mifuko 10 ya saruji. Mtandao umekata. Keshia anauza 8 kaunta. Kijana wa stoo, naye simu yake haina bando, anapakia 6 kwenye gari la Sengerema. Jioni mtandao unarudi. Kompyuta inasema "zimebaki 2". Simu inasema "zimebaki 4". Nani anafuta ya mwenzake?

Ukihifadhi salio, yeyote atakayefika wa mwisho kwenye seva ndiye anashinda, na hesabu ya mzee ni uongo, iwe umeandika kwa Flutter, kwa wavuti au kwa Visual Basic ya mzee Chakavu. Usihifadhi salio. Hifadhi tukio: "kauza 8", "kapakia 6". Kila tukio lina namba yake ya kipekee inayotungwa hapo hapo kwenye kifaa, siyo 1, 2, 3, maana vifaa viwili vitatunga namba 57 kwa wakati mmoja. Seva inajumlisha matukio yote. Itakuja hasi 4, na hiyo hasi 4 ndiyo habari yenyewe. Ina maana mifuko minne haikuwahi kuwepo, au daftari la kuanzia lilikosewa, au mtu kaandika asichokipakia. Mzee anataka kujua hilo kuliko kuona skrini nzuri.

Tukio halifutwi wala halisahihishwi. Ukikosea unaandika tukio jingine la kulipinga. Fanya hivyo halafu jukwaa chagua hata kwa kurusha shilingi, kwa sababu siku likifa unahama na matukio yako.

Kibodi Chakavu

Huyu sasa kaongea. Wahasibu walikuwa hivyo kabla sijazaliwa, kalamu ya wino, hakuna kufuta.

Nyakato

Nimelala na hili, nimeamka hivi. Kila kaunta inakuwa na seva ndogo ndani ya kompyuta yenyewe, na SQLite pembeni yake. Keshia anafungua ukurasa kwa kivinjari, lakini ukurasa unatoka humo humo ndani, si intaneti, na mauzo yanakaa kwenye faili, si kwenye kivinjari. Akifagia historia yote, hakuna kinachopotea. Simu za stoo zinajiunga kwa Wi-Fi ya duka. Mtandao ukiwepo, matukio yanapanda kwenye seva kuu na mzee anaona huko kwa iPhone yake.

Chapa Dart

Angalia mtego. Kile kipande kinachowezesha ukurasa kuishi bila mtandao kinataka HTTPS, ule muunganisho salama wenye cheti. Kwenye kompyuta yenyewe, `localhost`, kinaruhusiwa. Kwenye simu inayofungua 192.168 na kadhalika, yaani anwani ya ndani ya Wi-Fi ya duka, hakiruhusiwi. Kijana akitoka nje ya Wi-Fi kuhesabu nondo uani, skrini inabaki tupu.

Nyakato

Hapo umenikamata. Basi simu za stoo nitaziandikia kwa Flutter, Android pekee, nawapa APK, faili la kusakinisha, mkononi, Play Store sihitaji. Kaunta na mzee wanabaki wavuti. Ni programu mbili, lakini matukio ni yale yale.

Mlolongo

Na arifa za mzee? iPhone inapokea arifa za wavuti kuanzia iOS 16.4 ya Machi 2023, tena mpaka aweke ukurasa kwenye skrini.

Nyakato

Nilimpigia nikamuuliza. Anataka SMS moja saa mbili usiku, jumla ya kila duka. Basi.

Keshia wa Kariakoo

Kaka Nyakato, mteja akirudisha mabati kwa kuwa fundi wake alipima vibaya, nabonyeza wapi?

Nyakato

Hicho kitufe sijakiweka kabisa.

Keshia wa Kariakoo

Nilijua.