Utafiti wa tembo mashambani: gharama inayobebwa na kaya tuipimeje?

Mwanafunzi wa uzamili

Ndugu wanajukwaa, naomba mwongozo wenu. Ninaandaa utafiti kuhusu tembo wanaoingia mashambani katika vijiji vinavyopakana na hifadhi. Upande wa wanyama nimeupanga vizuri: nitategesha kamera kwenye mapito yao, nitahesabu marundo ya kinyesi, na nimeahidiwa data za kola za setilaiti, yaani mikanda wanayovishwa tembo shingoni ili kufuatilia wanakokwenda. Upande wa watu nina dodoso moja tu, linaloiuliza kila kaya ilipoteza magunia mangapi msimu uliopita. Nilipolijaribu, mama mmoja alinijibu kuwa walipoteza magunia mawili, kisha akaniuliza mbona sijamuuliza habari za mwanawe, ambaye kwa wiki kadhaa alikuwa akisinzia darasani kwa kuwa usiku hukesha kwenye dungu, kile kibanda cha kulindia shamba, pamoja na baba yake. Sikuwa na mahali pa kuandika jibu hilo. Je, gharama za namna hii hupimwa vipi bila kuugeuza utafiti wa wanyamapori kuwa kitu kingine kabisa?

Mtafiti wa wanyamapori

Anza kwa kuachana na swali la magunia, kwani mkulima hakumbuki kilo alizopoteza miezi minane iliyopita. Anachokumbuka ni usiku ule tembo walipoingia. Mwaka 1999 mtafiti Richard Hoare aliandaa utaratibu wa kukusanya taarifa za migogoro ya watu na tembo kwa ajili ya kundi la wataalamu wa tembo wa Afrika la IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa asili, na mpaka leo unafaa kuigwa. Wenyeji waliofundishwa hufika shambani mara baada ya tukio, hupima eneo lililoharibiwa kwa hatua za miguu, kisha huandika mambo mengine mawili: zao lilikuwa limefikia umri gani, na lilikuwa na hali gani kabla ya kuvamiwa. Mahindi yaliyokanyagwa yakiwa machanga huenda yakapandwa upya mvua ikiruhusu, ilhali yaliyoliwa yakiwa yamekomaa hayana mbadala, hata kama eneo ni lile lile.

Kuhusu dungu, wape kaya chache shajara ya ulinzi, ambamo kila asubuhi wataandika nani alikesha na kwa saa ngapi. Kaya ishirini zinazoandika kwa uaminifu zitakufaa kuliko mia tatu zinazokisia. Usihofu kwamba utatoka nje ya taaluma yako, kwa kuwa ukikuta tembo hawakuingia katika shamba fulani, huwezi kusema ni kwa nini bila kujua kama lililindwa.

Mkazi wa mpakani

Mimi si mtafiti. Ninalima jirani na hifadhi, na dodoso za namna hiyo nimejibu mara nne. Ninyi watafiti hulalamika kwamba wakulima hukuza hasara, lakini mtu anayefika na kalamu na kuuliza umepoteza nini, sisi tunamwona kama mlipaji. Eleza mwanzoni kabisa, mbele ya mkutano wa kijiji, kwamba wewe hulipi, kisha urudie maneno hayo nyumba kwa nyumba.

Jambo la pili, msiseme "kijiji" kana kwamba wote tunalala sehemu moja. Walio katikati, karibu na barabara, tembo huwasikia kwa habari tu. Hapa Tanzania, kanuni za mwaka 2011 ziliweka malipo ya serikali ya kupoza hasara: kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa, na kiasi cha kifuta jasho hutegemea umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi: aliye karibu hupata kidogo kuliko aliye mbali. Najua hoja yake, kwamba watu wasivutwe kulima mpakani, lakini wengine tulirithi mashamba pale pale yalipo. Basi, mwanangu, andika umbali wa kila shamba. Na ukimaliza, rudi utusomee ulichokiona. Katika wale wanne hakuna aliyerudi.

Mchumi wa maendeleo vijijini

Nakubaliana na aliyetangulia, na kwa sababu hiyo natofautiana kidogo na mtafiti wa wanyamapori: shajara za kaya ishirini hazitatosha iwapo kaya hizo zitachaguliwa bila kuzingatia umbali. Wastani wa kijiji huficha mambo. Kaya tisini zikipoteza kidogo na kumi zikapoteza karibu kila kitu, wastani utaonyesha tatizo dogo.

Faida nayo huwa na mgawanyo wake. Rwanda ilianza mwaka 2005 kutoa asilimia 5 ya mapato ya utalii wa hifadhi zake kwa jamii zinazozizunguka, na mwaka 2017 ikaongeza hadi asilimia 10. Huo ni mpango wa kusifiwa, lakini fedha hizo zikijenga darasa au zahanati, humfaidi sawasawa aliyeliwa viazi na yule ambaye hajawahi kuona mnyama shambani kwake. Kwa hiyo dodoso lako liulize mambo mawili kwa kaya ile ile, yaani ilipoteza nini na ilipata nini. Wengi hupima hasara nyumbani na faida kwenye ripoti ya hifadhi, kisha hushangaa kwa nini watu wananuna.

Ukipima mbinu za kuzuia tembo, fanya hivyo hivyo. Uzio wa mizinga ya nyuki, uliokuzwa na mtafiti Lucy King nchini Kenya, hufanya kazi kwa sababu tembo huogopa nyuki, na zaidi ya hayo mkulima huvuna asali. Hata hivyo, ukame ukija nyuki huhama, na mzinga mtupu hauzuii tembo wala hautoi asali. Aliyeufuatilia kwa msimu mmoja wa mvua nzuri atatoa sifa zisizodumu.

Mwanafunzi wa uzamili

Nawashukuru sana. Nimeliondoa swali la magunia, na sampuli nitaipanga kwa umbali kutoka mpaka. Kuhusu shajara, nimeona kwamba baba ndiye angekabidhiwa daftari, ilhali habari za mtoto nilizipata kwa mama. Je, niwape madaftari mawili, au nimhoji kila mmoja peke yake mwisho wa juma?

Mtafiti wa wanyamapori

Wahoji kila mmoja peke yake. Madaftari mawili katika nyumba moja hunakiliwa usiku wa kuamkia siku utakayofika.