Binti yangu mwenye kipaji husahau kula: nimwache au nimbane?

Mama wa Kifungua Mimba
Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari zenu. Binti yangu ana miaka 15, alirushwa madarasa mawili, na masomo yake hayanipi shida yoyote. Kinachonikosesha raha ni namna anavyoishi: asubuhi huondoka na kikombe cha chai tu, chakula cha mchana humpita akiwa maktaba, na usiku, sisi tukishalala, hutafuna biskuti na kunywa kahawa huku akikokotoa hesabu hadi saa 8. Juzi niliikuta sahani niliyompelekea saa 1 jioni ipo palepale kando ya daftari, mchuzi umeganda, kijiko hakijaguswa. Nilipomuuliza, alinijibu kwa unyofu kabisa kwamba hakuiona. Baba yake anasema watoto wenye akili nyingi ndivyo walivyoumbwa, na kwamba nikimbana nitamvunja moyo. Je, ni kweli?

Mwalimu Mstaafu
Mama, pole. Neno lake kwamba hakuiona mimi ninaliamini, kwa sababu nimewafundisha wengi wa aina hiyo: wakizama katika jambo, njaa hubisha hodi bila kusikiwa. Lakini hilo la kuumbwa hivyo silikubali. Mwanasaikolojia wa Marekani, Lewis Terman, alipoanza mwaka 1921 kuwafuatilia watoto zaidi ya 1,000 wenye akili nyingi huko California, watu wengi waliamini kwamba watoto kama hao huwa dhaifu na wagonjwagonjwa, naye akakuta kwamba kwa wastani afya yao ilikuwa nzuri. Ni kweli kwamba wengi wao walitoka katika familia zenye uwezo, kwa hiyo tusiseme ni akili iliyowapa afya. Ila dhana kwamba kipaji lazima kiambatane na mwili uliodhoofika haina msingi.

Mtaalamu wa Lishe
Ninaungana na Mwalimu, na ningependa kuongeza ya mwilini. Ubongo una takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mtu mzima, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake mwili unapopumzika, kwa hiyo anayefanya kazi ya kichwa hana ruhusa ya kuruka milo. Kwa msichana wa umri huu mimi huanza na madini ya chuma, kwa kuwa hedhi na ukuaji huyamaliza haraka, na chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia ufyonzwaji wake. Mpeleke akapimwe wingi wa damu. Kahawa nayo ina hesabu yake: akinywa saa 4 usiku, takriban nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini saa 9, ilhali kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10.

Jambo moja lichunguze kwa upole, Mama. Baadhi ya vijana wanaotaka kila kitu kiwe kamilifu huuhamishia ukamilifu huo kwenye miili yao. Ukiona anapungua uzito, anakwepa kula mbele za watu, au hedhi imekoma, usisubiri, mwone daktari.

Aliyepitia
Dada, nilikuwa kama binti yako. Nakumbuka mtihani mmoja niliosoma swali la kwanza mara nne bila kulielewa, mikono ikitetemeka, na tumboni sikuwa na kitu tangu jana yake. Makaripio hayakunisaidia. Kilichonisaidia ni kwamba baba alianza kuniita mezani kila jioni nimweleze hesabu niliyokuwa naifanya, naye akiuliza maswali kwa dhati. Nilikuwa namaliza sahani bila kujua.

Mama wa Kifungua Mimba
Asanteni sana. Uzito haujapungua na hedhi ipo, lakini wiki hii tutakwenda kupima damu. Hilo la mezani nimemsomea baba yake, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza binti yuko mada gani sasa hivi.